Maji Niliyoyaiba Siku ya Ijumaa

Wanangu, juzi niliwaona mkiandaa birika la ubatizo. Mmoja alifungua bomba, mwingine akakaa ukingoni akichezea simu, na maji yalipofika pale mlipoona panatosha, mkafunga. Sikusema kitu. Nimestaafu, na mstaafu akisema sana anaulizwa kama kweli amestaafu. Lakini nilirudi nyumbani na moyo haukutulia. Hakuna hata mmoja wenu aliyetia kiwiko majini.

Ndiyo maana naandika. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mtasoma mambo kama yanavyonijia, la jana kabla ya la juzi.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa birika la kanisa letu dogo la Kibatisti, katika bonde hili ambalo kutoka Lushoto mjini ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Nilikuwa shemasi, lakini watu waliniita Damari wa Birika. Mchungaji wangu alikuwa Zakayo. Yule Zakayo wa kwenye Biblia alikuwa mfupi, akapanda mti. Wa kwetu alikuwa mrefu hata akiingia nyumba za watu aliinama mara mbili, mlangoni na kwenye boriti. Alisema mama yake alimpa jina kabla hajamwona vizuri.

Urefu wake ulikuwa shida yangu ya kwanza. Sisi tunabatiza kwa maji mengi, mtu anazama wote na kuinuliwa. Sasa maji yakiwa machache, mchungaji mrefu anainama mpaka mgongo unalia. Yakizidi, anayebatizwa anaelea, miguu inapanda juu, kichwa hakizami. Mama aliyenifundisha kazi, shemasi Naomi, alinipa fimbo ya mtalawanda yenye alama moja iliyochongwa kwa kisu. Alimsimamisha Mchungaji Zakayo kwenye birika kavu, akapima kiunoni pake, akachonga. "Maji yakifika hapa, ziba," aliniambia. "Usiulize macho yako. Macho yanadanganya, hasa yakiwa na haraka."

Birika lenyewe halikuwa hili la saruji. Lilikuwa shimo lililojengwa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, wazi juani, nyuma ya kanisa. Maji yalitoka kwenye mfereji unaoshuka kutoka msituni. Mfereji ule ulipofika juu ya kanisa uligawanyika. Mkono wa kushoto ulikwenda mashambani, wa kulia ulishuka kwetu. Kwenye ule mgawanyiko kulikuwa na kizibo, kipande cha mgomba kilichofungwa majani makavu na kupakwa udongo. Ukitaka maji yaende huku, unakihamishia kule. Kazi ya dakika tano. Lakini hakuna aliyekigusa bila ruhusa ya Mzee Shabani.

Mzee Shabani ndiye aliyegawa zamu za maji, kama baba yake kabla yake. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, mwembamba, mwenye maneno makali na mkono wa haki. Kanisa lilikuwa na zamu yake, Jumamosi tangu adhuhuri mpaka jua kuzama, wiki za ubatizo tu. Kila mara nilipokwenda kumkumbusha alinitania.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mmekuja tena, wazamishaji? Safari hii wangapi?"

"Tisa, Mzee."

"Tisa! Na wote wanajua kuogelea?"

"Hawaogelei, Mzee. Wanashikwa."

"Haya. Ukimzamisha mtu wa ukoo wangu, mrudishe akiwa mkavu."

Nawaambia haya mjue kwamba hatukuishi kwa ugomvi. Walutheri wa ng'ambo ya bonde walitucheka zaidi kuliko Waislamu. Wao hubatiza kwa maji ya kiganjani, wakatuuliza kama Mungu wetu ana kiu.

Kazi ile ilikuwa na mambo mengi madogo. Kanzu za ubatizo tulizishona kwa kitambaa cha marekani, na kwenye pindo la chini tulishonea kokoto, ili nguo isielee. Mwaka wangu wa kwanza niliharakisha, kanzu moja nikaiacha bila kokoto, nikasema moja haitaonekana. Ikamwangukia mama mnene, mke wa fundi seremala. Aliposhuka majini kanzu ilipanda ikafunguka kama mwavuli. Watu wakashika midomo. Mchungaji Zakayo akatandaza mikono yake mirefu, akaikandamiza ile kanzu kama mtu anayefukuza kuku, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, Bwana anakupokea pamoja na hema lako." Mama yule mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Lakini mimi nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia. Tangu siku ile nilibonyeza kila pindo kwa vidole, kokoto moja moja, na nikimaliza narudia.

Mtu akiniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa, nitasema ilikuwa wasiwasi. Wengine walikuja kuimba. Mimi nilikuja kuhesabu: nani anatetemeka, nani hajala, jiwe gani lina utelezi. Anayeogopa sana aingie wa kwanza, asikae kutazama wenzake. Mzito aingie katikati, mchungaji akiwa amepata joto na hajachoka bado. Wazee waingie mwisho, moto wa kuwakausha ukiwa umekolea. Na katika kuhesabu huko ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna mwingine aliyeligundua.

Mchungaji Zakayo alikuwa na desturi ya kuimba kati ya mtu na mtu. Mmoja anatoka, yeye anaimba ubeti, mwingine anaingia. Watu walidhani ni furaha, na ilikuwa furaha, lakini mimi nilijua pia ni njia ya kujipasha moto. Maji yale yalitoka msituni, hayajaona jua, na hata kiangazi yaliuma kama meno. Basi siku moja ya ubatizo, kwenye mtu wa tano, hakuimba. Wa sita, kimya. Kati ya wa saba na wa nane alishika ukingo wa mawe kwa mkono mmoja, akijifanya anatazama mbali. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau.

Watu walipoondoka nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya kanisa, blanketi mabegani.

"Mchungaji, pole."

"Asante, Dada Damari. Umeona nini?"

"Nimeona umeacha kuimba."

Akacheka kidogo, cheko likakatwa na pumzi. Akaniambia. Alikuwa amekwenda hospitali ya Bumbuli, amemwambia mkewe anakwenda kumtembelea mgonjwa. Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu, akamwambia moyo umechoka. Asibebe mizigo kupanda mlima. Asisimame tena kwenye maji baridi, kabisa.

"Na leo umesimama," nikasema.

"Leo nimesimama."

"Mchungaji!"

"Damari, nisikilize. Nilipofika bonde hili kabla ya Uhuru hapakuwa na Mbatisti hata mmoja. Kila mtu wa kanisa hili ametoka kwenye maji kwa mikono hii. Nikiacha, nitakuwa nani? Mtu mrefu tu." Kisha akaniangalia. "Mama Neema asijue. Mke wangu akipata wasiwasi hatalala. Na wasiwasi wako peke yako unatosha kanisa zima. Niahidi."

Nikaahidi. Sitaki kujitetea. Nilikuwa nimezoea kumtii, na aliomba kama mtu anayeomba maji.

Miezi iliyofuata nilikuwa nikimtazama kuliko nilivyotazama Biblia. Ninyi hamkumjua, kwa hiyo niwaambie alikuwa mtu wa namna gani. Alipanda milima hii kwa miguu akiwa na mkoba wa kitambaa, ndani yake Biblia, kanzu ya kubadilisha na jembe dogo bila mpini. Akifika kwenye nyumba yenye ugonjwa hakuanza kwa sala. Alikata mpini, akaulizia shamba lilipo, akalima. Saa mbili, tatu. Kisha ndipo akanawa, akaingia kuomba. Alisema mgonjwa anayejua maharage yake yamepaliliwa husikiliza sala vizuri zaidi. Alilimia hata wasiokuwa wetu. Aliwahi kupalilia shamba la Mzee Shabani alipovunjika mguu, na Mzee alilalamika mwaka mzima kwamba mchungaji amemng'olea kiazi kwa kudhani ni gugu.

Mimi sasa, kila nikimwona na jembe lile, nahesabu pumzi zake.

Ikaja Ujamaa. Tukawa na shamba la kijiji, na kitalu cha kabichi upande wa kushoto wa mfereji, juu kidogo ya kanisa. Kila nyumba ilitoa mtu. Miche ile ilikuwa jicho la kijiji. Mwenyekiti wetu, kijana mwenye bidii na sauti, alikuwa ametangaza kwamba wageni wa wilaya watakuja kuiona ikihamishiwa shambani. Maji ya kitalu yalikuwa ya kwanza, zamu nyingine zote zilifuata.

Na mwezi wa pili, katikati ya kiangazi, Mchungaji akatangaza ubatizo wa watu kumi na wanne.

Kumi na wanne, wanangu. Nilimfuata baada ya ibada nikamwomba amwite mchungaji mwingine kutoka Tanga. Akasema barabara ni mbali. Nikamwomba tungoje mvua. Akasema mvua italeta tope na mafuriko, wewe mwenyewe unajua. Nilijua. Nikajaribu kupasha maji moto. Jioni moja, kwa majaribio, nilimimina masufuria sita ya maji yanayochemka birikani, likiwa limejaa nusu tu, nikatia kiwiko. Birika halikujua hata kama nilipita.

Ndipo nilipoona kitu. Lile nusu birika liliachwa juani kesho yake, na keshokutwa yake. Mchana wa siku ya pili nilikwenda kulifungua limwagike, nikatia mkono, nikashtuka. Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Miaka yote ile tulijaza Jumamosi jioni na kubatiza Jumapili asubuhi, maji yakiwa bado na ubaridi wa msitu. Kumbe yangekaa juani siku mbili, na ubatizo ukawa saa tisa mchana, mtu angeweza kusimama humo bila kuumwa.

Lakini ili yakae siku mbili ilibidi nijaze Ijumaa. Na Ijumaa ilikuwa zamu ya kitalu cha kijiji.

Sasa nawaambia kosa langu, na nalisema polepole ili msilipite. Ningeweza kwenda kwa Mzee Shabani. Lakini angeuliza, "Kwa nini safari hii Ijumaa?" na mimi nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Kusema uongo mbele ya mzee yule nisingeweza, angeuona usoni. Basi nikachagua kuiba, nikajiambia si uongo. Tazameni akili ya mtu mwenye hofu inavyofanya kazi.

Nilijua Ijumaa adhuhuri Mzee Shabani yuko msikitini na wanaume wa zamu ya kitalu wako naye. Wanawake wako nyumbani. Hakuna jicho kwenye mfereji. Miche ilipata maji Jumatano na Alhamisi, nilijiambia, itavumilia mpaka Jumamosi alfajiri. Nilipanda wakati wa adhana. Nikakivuta kizibo kutoka kulia, nikakisukumia kushoto, nikakipaka udongo. Maji yakageuka, yakashuka kwetu yakiimba. Kwa haraka niliipoteza ile fimbo ya kupimia kwenye majani, nikaitafuta nikilia.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Alhamisi ile walikuwa wakizibua mfereji juu, msituni, na kitalu hakikupata tone. Kwa hiyo niliiba siku ya pili ya kiu, si ya kwanza.

Jumamosi asubuhi miche ilikuwa imelala chini kama matambara.

Kengele ya kijiji ikapigwa. Tukakusanyika mbele ya ghala. Mwenyekiti alisimama juu ya kreti, amekunja uso. Mzee Shabani alikaa kwenye jiwe, mkongojo kati ya magoti, haongei. Hilo la kutoongea ndilo lililonitisha.

"Ndugu wananchi," Mwenyekiti akasema, "maji ya kijiji yamegeuzwa. Kitalu kimekauka, na birika la kanisa limejaa mpaka juu. Je, maji yalitembea yenyewe?"

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Wazamishaji wamezamisha kabichi!"

Watu wakacheka, lakini si cheko zuri. Mwingine akasema, "Hawa hawapendi Ujamaa. Wanataka yao." Neno lile wakati ule halikuwa dogo. Mtu akiitwa mhujumu, jina linamfuata hadi ofisini.

"Nani amegusa kizibo?" Mwenyekiti akauliza.

Mchungaji Zakayo akasimama. Alikuwa hajui lolote, nawaapia. Lakini alilitazama birika, akanitazama mimi mara moja tu, akaelewa.

"Ndugu Mwenyekiti, birika ni langu. Kama kuna kosa, ni langu."

"Wewe ndiye uliyegeuza?"

"Nimesema kosa ni langu."

Mwenyekiti alikuwa kijana, na umati ulikuwa unamtazama. Akaamua pale pale. Birika liko chini ya kitalu, maji hayawezi kurudi yenyewe. Basi maji yaliyoshuka yapande. Mchungaji ayabebe kwa debe begani, kutoka birikani mpaka kitaluni, mpaka birika likauke. Aanze sasa hivi.

Njia ile mnaifahamu. Ukipanda mikono mitupu unasimama katikati kupumua.

"Sawa," Mchungaji akasema.

Akaanza kukunja mikono ya shati.

Nimekuwa nikiifikiria ile "sawa" miaka yote hii. Aliisema kwa upole, kama anayepokea kikombe cha chai. Nilitazama mkono wake mrefu ukikunja shati, nikaona mshipa wa shingo unavyoruka. Nikajua atabeba debe la kwanza, la pili, na la tatu hatalifikisha. Na mimi nitakuwa nimetunza ahadi.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Mwizi wa maji ni mimi, Damari. Nilikihamisha kizibo wakati wa adhana."

Mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "Damari, kaa."

"Sikai, Mchungaji, unisamehe. Ndugu Mwenyekiti, huyu usimbebeshe hata kikombe. Moyo wake ni mgonjwa. Daktari amemkataza mizigo, amemkataza maji baridi. Niliiba ili maji yakae juani yapate joto, asife akibatiza. Hakunituma. Hakujua."

Mama Neema, mkewe, alikuwa amekaa na akina mama mbele yangu. Hakugeuka. Niliona tu mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba bila kujua, au aliyetwishwa mwingine. Siku ile sikuweza kutofautisha.

Mzee Shabani akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Damari."

"Naam, Mzee."

"Ulipita mlangoni kwangu ukienda kuiba?"

"Nilipita, Mzee."

"Ukashindwa kusema neno moja? Kwamba mtu ni mgonjwa?" Sauti yake ilipanda. "Unadhani mimi ni nani? Ungesema mgonjwa, ningekupa hata maji yangu ya udhu! Umeniibia maji, hilo nitalisahau. Umeniona mtu wa kunyimwa neno. Hilo sijui."

Mwenyekiti akasema basi abebe aliyeiba. Nikasema ndiyo. Nikachukua debe. La kwanza nilipanda peke yangu, watu wakinitazama. La pili vilevile. La tatu nikakuta mke wa fundi seremala, yule mama wa mwavuli, anashuka na ndoo yake. Halafu wakaja wale kumi na wanne waliokuwa wabatizwe, wakatoa maji ya ubatizo wao kwa mikono yao wenyewe. Halafu mabinti wawili wa Mzee Shabani. Mwenyekiti mwenyewe akashuka kwenye kreti, akavua koti. Jioni birika lilikuwa kavu.

Nusu ya miche ilikufa. Sitaki kuwadanganya. Wageni wa wilaya walionyeshwa upande mmoja tu wa kitalu.

Mchungaji hakunisemesha wiki nzima. Siku ya nane alikuja, akasimama nje ya uzio wangu, hakuingia.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Najua, Mchungaji."

"Sasa kila nikipita wananiuliza moyo. Mtoto mdogo jana amenipokonya jembe."

Nilitaka kucheka, nikaogopa. Naye Mama Neema alikuja siku nyingine, akakaa jikoni kwangu muda mrefu. Aliniambia neno moja tu. "Ungeniambia mimi kwanza, Damari. Kabla ya kijiji." Alikuwa na haki. Hilo nalo niliandike hapa: siri ya mgonjwa ina mwenyewe mwingine, na mara nyingi yuko jikoni.

Wiki ya tatu, Ijumaa, kabla ya adhuhuri, nilisikia mkongojo unagonga mlango. Mzee Shabani, kanzu nyeupe, kofia, tayari kwa msikiti.

"Onga mshi," akanisalimu kwa Kishambaa, kama jirani. "Chukua fimbo yako. Twende."

"Wapi, Mzee?"

"Mferejini. Kitalu nimekinywesha tangu alfajiri. Ukahamishe kizibo mwenyewe. Nataka kuona mwizi anavyofanya kazi."

Nilikihamisha mbele yake, polepole kuliko siku ile ya wizi. Aliniangalia mpaka mwisho, akakosoa udongo wangu kwamba ni mwepesi, akainama akaupiga mwenyewe kwa kiganja. Kisha akanawa kwenye maji yale yale, akaenda kuswali.

Maji yalikaa juani Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili mpaka saa tisa. Lakini Mchungaji hakuruhusiwa tena kuingia. Mama Neema alikuwa amesema, na safari hii kanisa lilimsikiliza. Aliyeingia alikuwa Stefano, mwinjilisti kijana, mtu mfupi. Nikatambua asubuhi ile kwamba alama ya fimbo ingemfikia kifuani. Nikamsimamisha, nikapima, nikachonga alama ya pili, chini ya ile ya kwanza, nikayapunguza maji mpaka hapo. Kisu kilikuwa kizito. Mchungaji alikaa kwenye kigoda ukingoni, blanketi begani, akinitazama nikichonga.

Yeye alitaja majina, Stefano akabatiza. Mmoja, wawili, kumi, kumi na watatu. Akabaki Bibi Maria, kikongwe ambaye Mchungaji alikuwa amemlimia shamba miaka mingi. Bibi akasimama kwenye ngazi ya kwanza, akagoma.

"Huyu mtoto simjui," akasema. "Mimi nilimwahidi Zakayo."

Mchungaji akasimama. Blanketi likaanguka. Akavua kiatu kimoja.

Sijui nilifikaje, lakini nilijikuta kati yake na maji.

"Ondoka, Damari."

"Siondoki, Mchungaji."

"Maji yana joto. Wewe mwenyewe umesema."

"Nimesema yana joto. Sikusema uingie."

Tulitazamana. Aliona kwamba sitaondoka, na mimi niliona kwamba ninamnyima kitu alichoishi kwa ajili yake. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Bibi Maria ndiye aliyetuokoa. Akasema kwa kuchoka, "Basi nyie msigombane, miguu yangu inauma. Zakayo, piga magoti hapo ukingoni unishike mkono. Huyu mtoto anizamishe huku umenishika."

Akapiga magoti kwenye mawe. Akamshika mkono. Stefano alipomlaza Bibi, mkono wa Mchungaji ulizama naye mpaka begani, ukatoka naye. Alibaki pale amepiga magoti, maji yanamtiririka kwenye vidole.

"Damari," akasema.

"Naam."

"Kweli ni vuguvugu." Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Miaka yote hii nimeganda. Miaka yote! Na jua lilikuwa hapo hapo."

Nikamkausha ule mkono kama nilivyomkausha kila mtu, kuanzia begani mpaka kwenye kucha.

Aliishi masika mengine sita. Hakuingia majini tena. Alikaa kwenye kigoda, akataja majina, akaimba ubeti kati ya mtu na mtu, na safari hii hakuishiwa pumzi. Hakuwahi kuniambia kama nilifanya vizuri au vibaya siku ile mbele ya ghala. Nilingoja, nikitafuta usoni kwake kila Jumapili. Mara ya mwisho nilipomtembelea, akiwa kitandani, aliuliza habari ya fimbo. Nikamwambia ipo. Akasema, "Alama yangu usiifute." Ni hilo tu.

Alifariki Alhamisi. Ijumaa nilikuwa nyuma ya kanisa nafua vitambaa vya mazishi, nikasikia maji yanaingia birikani. Nikadhani kizibo kimevunjika. Nikapanda mbio. Mzee Shabani alikuwa kwenye mgawanyiko, amezeeka sana sasa, amevaa kanzu ya msikitini, tope mpaka kwenye vifundo.

"Mzee," nikasema, "hakuna ubatizo."

"Najua."

"Tunazika kesho."

"Najua, Damari. Watu watakuja wengi, watanawa wapi?" Alikipiga kizibo kwa kiganja mara mbili. "Halafu leo ni Ijumaa. Haya ni maji ya Zakayo."

Akaenda msikitini. Nikashuka, nikachukua fimbo, nikaisimamisha birikani. Maji yalifika kwenye alama ya chini, ya Stefano, ambapo siku zote hizo nilikuwa ninaziba. Sikuziba. Nilisimama na fimbo mkononi mpaka yakafika kwenye alama ya juu.